Namba 348 Imo Humu Ndani

Tangu asubuhi Sindano hakuwa amekaa kitako. Kiti kilikuwepo, kimoja, cha mbao, lakini kila alipokisogelea alikumbuka kitu upande wa pili wa chumba. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya kulia karibu na mlango. Mashine ya kutarizi ilikuwa dirishani penye mwanga. Kati ya hizo mbili palikuwa na hatua sita, naye alizipiga huku na huko na flashi nyekundu mkononi kama mtu anayekimbiza dawa kwa mgonjwa.

Alichomeka flashi kwenye mashine kwa mara ya saba. Mashine ikafikiri. Kwenye kioo chake kidogo likatokea lile lile: hakuna mchoro.

"Mwongo we!" aliiambia. "Nimeuweka kwa mkono wangu, nimeuona kwa macho yangu."

Kibanda cha fundi wa pancha kilikuwa kimeegemea ukuta wa nje, chini ya dirisha lake. "Fundi Sindano," sauti ikapanda kutoka huko, "unagombana na nani humo ndani tangu saa mbili? Umeolewa tena bila kutualika?"

"Ningeolewa ungesikia kimya. Wanaume hawapendi kelele ila zao."

"Haya, yaishe, mama. Mimi naziba mpira tu."

Sindano hakucheka. Saa kumi jioni Metroni wa chuo cha uuguzi angepita kuangalia mfano mmoja: taa ya chuo, iliyotariziwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Makoti arobaini ya wanafunzi wapya yalikuwa yanangoja nembo hiyo. Metroni alikuwa amesema waziwazi, bila kumzungusha: "Nikiuona mfano na ukanipendeza, makoti yanashuka kwako leo leo. Nikiukosa, nayapeleka kule kule yanakokwenda siku zote."

Kule kule palikuwa karakana ya Bosi, na Bosi ndiye aliyekuwa mume wake kwa miaka kumi na minne.

Jina la kwenye kibao cha karakana lilikuwa la Bosi. Michoro ilikuwa ya Sindano. Sindano mwenyewe alikuwa hajui kusoma vizuri. Alichambua herufi moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Lakini mpe skrini na kipanya, mwambie unataka simba anayenguruma kwenye mfuko wa shati, na kesho yake simba huyo alikuwa na masharubu. Bosi aliipa kila kazi namba, na namba Sindano alizijua kama anavyojua vidole vyake. Kumi na saba ilikuwa jogoo wa timu ya mpira. Mia mbili na tano, nanga ya kampuni ya mizigo. Mia tatu arobaini na nane, taa ya chuo cha uuguzi. Mteja akisifu, Bosi alikuwa akishika shingo yake na kusema, "Tunajitahidi." Na hiyo "tu" yake ilikuwa na mtu mmoja ndani.

Kisha yule msichana wa kaunta pale karakana alihama kaunta akaingia chumbani, na siku ya kugawana mali ikabainika kwamba kila karatasi, ya pango, ya leseni, ya mashine kubwa yenye sindano kumi na tano, ilikuwa na sahihi moja. Sindano alitoka na mashine ndogo ya sindano moja kwa sababu alikuwa ameingia nayo. Aliomba na michoro. Bosi akaisukuma diski yenye michoro yote juu ya meza, kidude cheusi kisichozidi kiganja, chenye mkia wa waya.

"Chukua. Utaifungulia wapi? Kwenye kikaango?"

Yule wa kaunta alicheka mpaka akashika ukuta.

Kompyuta aliipata kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwake, mama aliyekuwa mkutubi miaka thelathini na bado mtaa mzima unamwita Mkutubi. Maktaba ilipotupa kompyuta zake chakavu, yeye aliokota mbili. Zilikuwa zimezeeka mno kwa mfumo uliozoeleka, kwa hiyo alizitia mfumo mwingine uitwao Linux, na moja akamletea Sindano akiwa ameibeba kifuani kama mtoto.

"Usiogope, mdogo wangu. Ni kama kuhamia nyumba nyingine. Vyumba ni vile vile, ila milango imehamishwa."

Milango kweli ilikuwa imehamishwa. Kule karakana ukichomeka diski ilijitokeza na herufi yake, E au F, nawe ukaingia. Huku hapakuwa na herufi. Jumatano nzima Sindano aliitafuta E mpaka macho yakamwasha, ndipo Mkutubi akaja kumwonyesha kwamba diski imejificha ndani ya folda iitwayo media, na ndani ya media kuna folda nyingine, na ndani ya hiyo ndiyo yenyewe.

"Kama mtu anayevaa nguo tatu," Sindano alisema.

"Anasikia baridi. Mvumilie."

Alhamisi diski ilikataa kufunguka kabisa, ikatoa maneno mekundu. Mkutubi aliyasoma, akatingisha kichwa. Kule karakana kompyuta haikuwahi kuzimwa. Ililazwa tu usingizi jioni na kuamshwa asubuhi. Bosi alikuwa ameichomoa diski kompyuta ikiwa imelala, na diski ikabaki na alama kwamba bado inatumika kwa mwenyewe.

"Linux inaogopa mali ya watu," alisema Mkutubi. "Itakuruhusu kusoma tu. Kuandika humo, hapana."

"Nisichokijua ndicho ninachoruhusiwa!"

Walicheka wote wawili, na Mkutubi akamfundisha kuvuta faili kutoka kwenye diski kulipeleka kwenye flashi. Leo Ijumaa Mkutubi alikuwa ameondoka mapema kwenda kliniki ya macho, na Sindano alikuwa amevuta namba 348 mara saba. Kila mara mstari wa buluu ulijaa mara moja, kila mara akachomoa, na kila mara mashine ikamwambia hakuna mchoro.

Saa nne na nusu alipiga simu.

"Flashi unaitoaje?" Mkutubi aliuliza. Nyuma yake palisikika mtu akiitwa kwa namba.

"Naichomoa. Kwani inatolewa kwa koleo?"

"Ehe! Ndiyo shida yenyewe. Sikiliza, shoga. Ule mstari ukijaa, kompyuta imepokea tu, haijaandika. Ni kama mhudumu wa mkahawani aliyeshika oda kichwani. Ukimfukuza kabla hajafika jikoni, chakula utakula wapi? Pembeni ya jina la flashi kuna mshale mdogo. Ubonyeze, halafu ngoja mpaka kompyuta yenyewe ikuambie kwamba sasa unaweza kutoa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iseme."

Flashi nayo ilikuwa imechoka kuvutwa. Alipoirudisha kwenye mashine, mashine ilikuja na swali: hii siielewi, niipange upya? Ndiyo au hapana. Swali hilo Sindano alilijua kwa umbo lake. Miaka kumi na minne kila mteja aliyeleta flashi mpya, mashine iliuliza hivyo, naye alibonyeza ndiyo bila kutazama, kama anavyokata uzi kwa meno. Akabonyeza. Flashi ikawa safi. Akazipiga hatua sita, akaichomeka kwenye kompyuta, na kwa hasira, ili asirudie tena, badala ya namba 348 peke yake akavuta folda nzima, pamoja na mapicha ya wateja na video ndefu za maonyesho ya biashara ambamo Bosi anaonekana akishika shingo.

Safari hii mstari haukujaa. Ulitambaa. Saa tano ikapita. Akapiga pasi kitambaa cha mfano. Akakipiga tena. Akajaza uzi wa chini kwenye vigurudumu vitatu wakati kimoja kingetosha. Mstari ulikuwa robo, na bado ni video.

Ndipo akatazama kichwa cha waya wa diski na kichwa cha flashi akaona ni kimoja. Kwa nini apitie kwa mkalimani? Si mashine ina tundu, na diski ina kichwa cha kuingia tunduni? Akaichomoa diski pale pale, mstari ukiwa bado njiani, akaenda dirishani, akaichomeka kwenye mashine.

Mashine ikafikiri. Ikauliza swali lile lile. Kidole gumba kikajibu.

Kilijibu kabla yeye hajafika. Alikuwa bado anaangalia uzi wa dhahabu, anajiuliza utatosha au hautoshi, kidole kikiwa kimeshamaliza kazi yake. Aliponyanyua macho kioo kilikuwa kinaonyesha mstari mfupi unaokimbia, halafu neno ambalo hata yeye alilisoma kwa mara moja: tayari.

Alirudi na diski kwenye kompyuta. Sasa ilifunguka bila maneno mekundu, bila kuruhusiwa kusoma tu. Ilikuwa nyeupe kama shuka jipya.

"Dada," alisema kwenye simu, "nimeua."

"Umeua nani?"

"Zote. Mia sita na kumi na mbili."

Mkutubi akauliza polepole, "Kwenye kompyuta hukuacha hata nakala moja?"

"Uliniambia nivute. Hukuniambia niache."

"Baada ya hapo umeweka kitu chochote kwenye diski?"

"Niweke nini, dada? Niweke machozi?"

"Ichomoe. Iweke mezani. Usiiguse, usiipanguse hata vumbi. Nakuja."

Alifika saa sita na nusu, akihema, na matone ya dawa yamemfanya akodoe macho mlangoni kama bundi. "Nimeacha foleni nikiwa wa tatu," alisema. "Huko ndani daktari ananitafuta hadi chini ya meza." Akaketi kwenye kile kiti kimoja, akasogeza pua kwenye skrini, akafungua dirisha jeusi la maandishi.

"Zimekufa?" Sindano aliuliza.

"Sijui. Mashine yako haikubomoa nyumba. Imeng'oa vibao vya milangoni. Huenda watu bado wamo ndani, ila hakuna anayejua nani anakaa wapi. Kuna programu inayopita ikigonga mlango mmoja mmoja. Naiambia ilete faili za kutarizi tu, na izitupe huku kwenye kompyuta, diski isiandikwe chochote."

"Itachukua muda gani?"

"Saa moja na ushei."

Tarakimu zikaanza kupanda kwenye dirisha jeusi. Sindano akaenda dirishani. Akarudi. Akafungua mlango akaangalia barabara kama vile Metroni angekuja kabla ya wakati wake. Akaufunga. Akabadili sindano ya mashine, akaona ile ya kwanza ilikuwa nzima, akairudisha.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu. Macho yenyewe ndiyo haya."

"Nikikaa nitalia. Nikilia sitaweza kutunga uzi."

"Basi lia sasa hivi ukiwa umesimama, tumalize."

Hakulia. Alisimama nyuma ya Mkutubi akihesabu pamoja na tarakimu, mia, mia mbili, na kila moja iliyoongezeka alitaka kujua ni ipi, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Saa nane kasoro dakika kumi programu ilisimama. Mafaili elfu mbili mia moja na arobaini.

"Nilikuwa na mia sita na kumi na mbili!"

"Imeleta na zilizofutwa zamani. Yenyewe haichagui." Mkutubi aliteremsha orodha, na uso wake ukabadilika kidogo. Namba za Bosi hazikuwepo. Kila faili lilikuwa na mkia wa tarakimu nane zisizo na maana kwa mtu yeyote. "Namba zako ndizo zilizopotea, mdogo wangu. Ile mia tatu arobaini na nane hatuna tena."

"Zionyeshe sura zao."

Mkutubi alihangaika robo saa, akavuta programu nyingine kwa simu yake, mpaka kila faili likapata picha, ndogo kama stempu ya barua. Sindano akainama. Jogoo. Nanga. Jogoo tena, bila mkia. Simba. Jino la kliniki fulani ambayo ilifungwa. Maua ya mtu aliyesema hayapendi, akarudi mwaka wa pili kuyaulizia. Alikuwa akiyataja kwa sauti, haraka, akimwambia Mkutubi teremsha, teremsha, na miaka kumi na minne ikapita mbele yake ikiwa imechanganywa kama vifungo kopoani. Hapakuwa na mchoro hata mmoja asioufahamu. Lakini hakuwa na nafasi ya kufurahi; saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tisa.

"Hii hapa! Simama! Panda juu kidogo. Hiyo!"

Taa. Ndogo kama ukucha, yenye mwali wa dhahabu.

Wakaivuta kwenye flashi, hiyo moja tu. Wakabonyeza mshale. Wakangoja, mmoja amekodoa macho, mwingine ameuma kidole, mpaka kompyuta ikasema. Sindano akazivuka zile hatua sita kwa tatu. Mashine ikafikiri, na kwenye kioo kidogo taa ikatokea.

Alikaza kitambaa kwenye fremu, akatunga uzi wa buluu, akabonyeza. Kelele ya mashine ikajaa chumba, na fundi wa pancha akapiga ukuta kwa kiganja kuonyesha kwamba amesikia. Buluu ikaisha, akabadili. Kijivu. Dhahabu. Saa kumi kasoro dakika tano alikata nyuzi za nyuma kwa mkasi mdogo, na kipande kikawa mezani. Mkutubi akakisogeza puani.

"Mungu wangu. Inawaka."

Metroni alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu visivyotoa sauti. Alipiga hodi na kuingia kwa wakati mmoja. Mkononi alikuwa na koti la mwanafunzi wa mwaka wa pili, na bila kusalimu kwa kirefu alilitandaza mezani, akaweka mfano wa Sindano kando ya nembo ya koti, akaangalia hii, akaangalia ile.

"Mbona si yenyewe?"

Sindano aliinama. Kwenye koti mwali ulikuwa na nyuzi tatu na taa imekaa hewani. Kwenye mfano wake mwali ulikuwa na ndimi tano, na chini ya taa kulikuwa na kivuli cha kijivu kilichoifanya isimame juu ya kitu. Hii ilikuwa taa ya kwanza, aliyoichora miaka sita iliyopita, siku tatu mfululizo. Bosi aliitazama siku hiyo akasema inakula uzi. Mishono elfu kumi na moja kwa nembo ya wanafunzi, ya nini? Akamwamuru aikate ibaki elfu saba, ile ya kwanza akaifuta. Sindano alidhani imekwenda. Kumbe ilikuwa imelala kwenye diski muda wote huo, na katika picha za ukubwa wa stempu taa zote mbili zilikuwa sawa, na yeye kwa haraka alichukua ya kwanza kutokea.

"Ni yenyewe," alisema. "Ni yenyewe kabla haijakatwa."

"Lakini si nzuri zaidi, jamani?" Mkutubi akadakia. "Hata mimi na macho haya naona!"

"Ni nzuri sana," alisema Metroni. "Ndiyo maana siitaki. Nina wanafunzi sitini wenye hii ya kwenye koti. Nikiwavika arobaini hiyo yako, wiki ijayo nitaulizwa kwa nini wengine wamepewa taa na wengine kibatari."

"Na hicho kibatari nimekichora mimi. Vyote nimechora mimi."

Metroni alimtazama, si kwa ubaya. "Sijakataa, mama. Ila kwenye fomu yangu hakuna mahali pa kuandika hilo. Kuna mahali pa kuandika imefanana au haijafanana." Akatazama saa ya mkononi. "Gari la chuo linanipitia saa kumi na moja. Makoti yamo ndani ya gari hilo. Na likitoka hapa, linapita mbele ya karakana ile nyingine."

"Kaa," alisema Sindano. Mkutubi alishanyanyuka kwenye kiti. "Kaa hapo, Metroni. Nakupa ile ile."

Safari hii hakutaja majogoo wala nanga. Alisaka taa tu, macho yakikimbia, mkono juu ya bega la Mkutubi ukimfinya bila kujua. Zilikuwepo nne. Ya kwanza ilikuwa ile nzuri. Waliifungua ya pili ikajaza skrini. Haikuwa na mwali kabisa, jaribio la zamani. Ya tatu ilikuwa nusu, imekatika kati kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Ya nne ilikuwa na nyuzi tatu na haikuwa na kivuli.

Saa kumi na dakika kumi na nane. Flashi, kuvuta, mshale.

"Kwani huwezi kuichomoa tu?" Metroni aliuliza.

"Hapana!" walimkemea wote wawili, naye akanyamaza kama mwanafunzi.

Ile ya mishono elfu saba ilichukua dakika chache zaidi ya ishirini. Metroni aliiweka kando ya koti, akapitisha kidole, akageuza nyuma, akageuza mbele. "Ndiyo hii," alisema. Honi ililia barabarani. Dereva aliingiza mafurushi mawili, akayaweka sakafuni kwa sababu hapakuwa na pengine, Metroni akaandika kwenye fomu yake neno moja, na Sindano hakuhitaji kulichambua ili ajue ni lipi. Wakaondoka.

"Basi furahi, shoga," alisema Mkutubi. "Umempokonya Bosi kazi mdomoni."

"Nimefurahi."

"Na uso huo?"

Sindano alikuwa ameshafungua furushi la kwanza. Alilitia koti kwenye fremu akiwa amesimama, ingawa kiti sasa kilikuwa kitupu, akabonyeza. Buluu ilikwenda vizuri. Kisha sindano ikafika chini ya taa, pale kivuli kilipopaswa kuanza, ikaruka, ikaacha nyeupe tupu, ikaenda kwenye dhahabu. Mkono wake ukatoka, ukafika kwenye kitufe cha kusimamisha, ukakaa hapo juu yake bila kukigusa mpaka mwali wa nyuzi tatu ulipokwisha. Akakata nyuzi. Akalitoa koti, akalikunja, akaliweka kando.

Yalibaki thelathini na tisa.